Dengue Yangu ya Pili

Mtu wa kwanza kuugua dengue katika mtaa wetu hapa Bombambili nilikuwa mimi. Sijisifu, naeleza mambo yalivyo. Majirani walikuwa na malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, na mmoja alikuwa na goti ambalo alilizungumzia kila Jumapili baada ya misa. Mimi nilikuwa na dengue, tena ya Dar es Salaam, niliyoipata nikisomea stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Ada nilijilipia mwenyewe kwa kubeba kompresa za watu mabegani kutoka gereji moja kwenda nyingine. Dengue ikanikamata, mifupa ikauma kana kwamba inapondwa kwenye kinu, nikalala kwenye chumba cha kupanga bila mtu wa kunipikia hata uji, nikapona, nikaingia kwenye mtihani, nikafaulu.

Niliporudi Songea na cheti changu kikiwa kwenye fremu, watu walicheka. Ukiwahi kukaa kwetu mwezi wa sita, wakati milima ya Matogoro inapotuteremshia baridi na watu wanavaa makoti mpaka saa nne asubuhi, utaelewa kwa nini mtaalamu wa viyoyozi alichekwa. Shangazi mmoja aliniuliza kama kule Dar walikosa kozi ya kupasha moto. Sikubishana naye. Nilifungua karakana mbele ya nyumba, na leo ukinunua nyama mbichi au soda ya baridi katika mji huu, kuna uwezekano mkubwa mkono wangu umepita humo.

Dengue ile niliitunza kama nilivyokitunza cheti. Mtu akisema anaumwa malaria, nilimsikiliza, nikampa pole, kisha nikamweleza kwamba kuna homa na kuna homa. Nilimweleza habari za yule mbu anayeuma mchana, asiyejali chandarua chako, anayependa maji safi. Nilimaliza kila mara kwa maneno yaleyale: ukishaugua dengue umemaliza, mwili umeshausoma ugonjwa ule, hauwezi kudanganywa tena. Watu walinisikiliza kwa heshima. Mmoja tu hakunisikiliza, na huyo ni mtani wangu.

Mtani wangu ni Mhehe, ana bucha upande wa pili wa barabara. Wangoni na Wahehe tulipigana zamani, na baada ya kuchoshana tukawa watani, na hadi leo hatujakubaliana nani alikimbia. Kwa desturi hiyo ana ruhusa ya kunitukana mbele ya wakwe zangu, kuingia kwangu na kuchukua kitu akitakacho, na siku nitakapokufa ana kazi rasmi msibani: atavaa nguo zangu na kuniigiza, nilivyokuwa nikitembea, nikiongea na kujidai, mpaka waombolezaji washike mbavu. Kukasirika ni marufuku. Mtu akimkasirikia mtani, ukoo mzima unamwonea aibu.

"Mngoni," alikuwa akiniambia kila akipita karakana, "siku yako nimeshaifanyia mazoezi. Kile kifua chako unachokitanguliza kama ngoma ya gwaride, nakiweza vizuri. Kinachonishinda ni sauti. Hiyo sauti ya diploma ni ngumu."

"Huwezi kuiiga kwa sababu hukusoma," nilimjibu.

"Nitasoma ukifa."

Mwaka huo, msimu wa mvua, nilikwenda Dar kuchukua gesi na vipuri. Nilishinda siku kadhaa kwenye maduka ya friji za mitumba, nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya friji chakavu, nikisubiri kompresa zangu zijaribiwe. Vifundo vya miguu viliniwasha, nikakuna, nikaendelea kusoma gazeti. Usiku nililala ndani ya chandarua kama mtu aliyeelimika.

Nilirudi Songea na mzigo, na mzigo ulipokwisha kushushwa nikashindwa kuinua bisibisi. Homa ilipanda ghafla. Kichwa kiliuma nyuma ya macho, mgongo ukauma, hata nywele nilihisi zinauma.

"Malaria," alisema mke wangu. Yeye ni Mmatengo wa Mbinga, mtu wa maneno machache, na akishasema neno analiacha hapo kama jiwe.

Nikapimwa. Hakuna malaria.

"Basi ni ile dengue yako."

"Mama Watoto, dengue haiji kwa mtu mmoja mara mbili. Nimekueleza mara ngapi?"

"Sasa hii ni nini?"

"Uchovu wa safari."

Alinitazama, akaenda kuniletea maji. Nilimtuma jirani duka la dawa akaniletee vidonge vya diklofenaki, vile ambavyo mafundi wote tunameza tukibeba vitu vizito, na nikavimeza kwa bidii. Maumivu yalipungua kidogo, nikajiona nina akili.

Mama yangu alisikia, akapanda gari kutoka Madaba. Alishuka na jogoo chini ya kwapa na mfuko wa maharage, akaingia chumbani bila kuvua kitenge cha safari. Nikamwamkia shikamoo kutoka kitandani. Aliitikia marahaba huku kiganja chake kikiwa tayari shingoni mwangu.

"Wamepima?"

"Wamepima, mama. Hamna kitu."

"Una nini?"

"Uchovu tu."

"Uchovu hauchemki," alisema mama, na akakaa kwenye kiti kile kwa muda wote uliofuata, akinitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike.

Asubuhi ya Jumamosi homa ikaondoka. Niliamka nimelowa jasho, ngozi ya baridi, kichwa chepesi. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya nyumbani, yaani majirani Wakatoliki wa mtaa kuja kusali na kula pamoja, na mke wangu alikuwa ameshafikiri kuomba wahamie nyumba nyingine. Nikakataa. Nikatangaza kwamba nimepona na nitatoa shukrani. Mama alipiga vigelegele, jogoo akachinjwa saa ileile, na habari ikaenda mtaani kwamba fundi ameamka.

Ndivyo tunavyofanya kwetu, na nadhani ndivyo wanavyofanya watu wote waliozoea malaria. Homa ikishuka, ugonjwa umekwisha. Mgonjwa anaoga, anakula supu, watu wanamwambia Mungu ni mwema. Hatujui kumwogopa mtu aliyepoa.

Kulikuwa na mambo madogo ambayo sikuona sababu ya kuyatangaza. Nilipopiga mswaki mate yalitoka mekundu. Tumbo lilikuwa likiuma upande wa kulia chini ya mbavu, maumivu ya kung'ang'ania. Nilitapika uji, nikatapika na maji niliyonywa kuondoa ladha ya uji. Lakini shukrani nilikuwa nimeshaiandaa kichwani, na ilikuwa nzuri. Ilianzia Dar, ikapitia chumba cha kupanga, ikafika kwenye kinga ya mwili. Nikavaa suti yangu ya kahawia, nikatia leso safi mfukoni kwa ajili ya fizi, nikatoka sebuleni.

Watu walijaa. Tulisali rozari, tukasoma Injili, tukaimba. Niliposimama kutoa shukrani nilishika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, jambo ambalo wasemaji wengi wakubwa hulifanya. Nikaongea. Nikawaambia mwili uliowahi kushinda hauogopi. Katikati nilifuta midomo kwa leso mara kadhaa. Walipiga makofi, nikaketi taratibu, na mke wangu akaniletea bakuli la supu ambalo nililiweka chini ya kiti.

Tukiwa tunasubiri pilau, mtani wangu alisimama.

"Waumini," alisema, "mniruhusu. Huyu mtu ameninyima kazi. Nimefanya mazoezi miaka na miaka, leo amepona. Jasho langu liende bure? Naomba nimwigize akiwa hai, msibani nitamalizia."

Vicheko vikaanza hata kabla hajafanya kitu. Alichukua koti la mtu, akalivaa, akatoka nje, akaingia upya. Naam, nilijiona mwenyewe nikiingia. Kifua kilikuwa mbele, kidevu juu, lakini mkono mmoja ulikuwa umekandamiza ubavu wa kulia chini ya koti. Alifika kwenye kiti, akakishika kama mlevi anayeshika nguzo ya umeme.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema kwa sauti ya diploma, na ninakiri aliipata. "Mimi, ambaye nimesoma, ambaye nimeugua magonjwa ya mjini ambayo ninyi hamwezi hata kuyatamka."

Watu walilia kwa kucheka. Mama yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Mtani akatoa leso ya kubuni, akafuta midomo, akaitazama, akakodoa macho, akaikunja haraka na kuificha. Kicheko kikapanda. Akaendelea: "Mwili wangu umehitimu." Leso tena, akatazama, akaficha. Kisha akajikunja kuketi, kidogo kidogo, kama bibi wa miaka tisini anayeketi kwenye miba, akapokea bakuli la supu, akalinusa, uso ukamgeuka, akalisukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Kila mtu alikuwa akicheka isipokuwa mke wangu. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau mkononi, akimtazama mtani, kisha akinitazama mimi, kisha mtani tena. Akaweka sinia chini.

"Baba Watoto, lete hiyo leso."

"Leso gani? Endeleeni kula."

"Lete."

"Wageni wana njaa, Mama Watoto."

Sikumpa. Mume wa mtu ana heshima yake mbele ya jumuiya. Lakini mtani haombi ruhusa. Alinijia akiwa bado ndani ya koti la kuazima, akatia mkono mfukoni mwangu kama anayetoa sarafu yake mwenyewe, akaivuta leso na kuikunjua juu hewani, akitegemea kicheko cha mwisho.

Ilikuwa nyekundu karibu yote.

Akaishusha taratibu. Kisha akasema polepole, "Mngoni, mimi nilidhani unafuta mafuta ya kuku."

"Ni fizi tu," nikasema. "Nimepiga mswaki kwa nguvu."

Mama alisema kitu kwa Kingoni ambacho sitakitafsiri, kwa kuwa wasomaji wangu wengine ni watawa. Nilisimama kuwaonyesha kwamba niko sawa. Sebule ikainama upande mmoja, na nilipofumbua macho nilikuwa kwenye bajaji, kichwa changu juu ya mapaja ya mama, mtani akiwa amebanana na dereva mbele akimwelekeza njia ambayo dereva anaijua tangu azaliwe.

Daktari aliyenipokea alikuwa dada mdogo, umri wa kuwa mwanafunzi wangu kama ningekubali kufundisha. Alinipima shinikizo la damu, akarudia, akaninyanyua mkono na kutazama vidoa vyekundu ambavyo mimi nilidhani ni vipele vya jasho.

"Homa ilishuka lini?"

"Leo asubuhi, daktari. Nimepona. Hawa wamepaniki."

"Ulikuwa umesafiri?"

"Dar."

"Umewahi kuugua dengue?"

Hapo nilijitahidi kuinuka kitandani. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi mtu wa afya aniulize swali hilo. "Nimewahi, tena vizuri kabisa. Kwa hiyo hii haiwezi kuwa dengue, kwa sababu nina kinga."

Hakucheka. Aliandika kitu, akamwambia nesi aweke dripu haraka na atoe damu, kisha akageuka kwangu.

"Una kinga ya ile ya kwanza. Virusi vya dengue viko vya aina nne. Aliyeugua aina moja hawezi kuiugua tena hiyohiyo, hapo uko sahihi. Ikija aina nyingine, kinga ya zamani inaitambua nusunusu. Inaishika, haiiui, inaisaidia kuingia ndani zaidi. Mishipa inaanza kuvuja. Kwa mtu mzima kama wewe, kilichoufanya ugonjwa huu uwe mkali, kikubwa ni hicho unachojivunia."

Mke wangu alikuwa amesimama pembeni. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya uchovu wa safari.

"Una kisukari?" daktari akaendelea. "Presha? Kuna dawa za maumivu ulimeza?"

"Sina kisukari. Nilimeza diklofenaki kidogo."

"Alimaliza kopo," alisema mke wangu.

Daktari akafunga macho kidogo. Alieleza kwamba dawa zile, na aspirini pia, zinazidisha kutoka damu kwa mgonjwa wa dengue, na kwamba mwenye homa asiyejua chanzo chake ameze paracetamol tu na kunywa maji mengi na aje apimwe. Akaeleza pia jambo lililomfanya mama aketi sakafuni: homa ya dengue ikishuka ndipo saa ya hatari inapoanza. Wengi wanapona kuanzia hapo. Lakini mwenye maumivu ya tumbo, anayetapika bila kukoma, anayetoka damu kwenye fizi au pua, huyo hapaswi kukaa nyumbani hata kidogo.

"Tulichinja jogoo," alisema mama.

"Mngemlisha mgonjwa huyo jogoo na kumlaza nyumbani," alisema daktari, "kesho mngekuwa mnapikia waombolezaji. Sasa bado sijui. Mpaka kesho jioni ndiyo tutajua anaelekea wapi."

Maneno hayo yaliniingia. Nilitaka kusema kitu kikubwa, na kilichokuja kilikuwa cha ufundi. Nilimwambia daktari kwamba nimeelewa: ni kama kuijazia friji gesi ya aina nyingine. Kompresa inaipokea, inaunguruma vizuri, mwenye friji anafurahi, halafu inapasuka. Akanitazama kwa makini kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Nitautumia huo mfano."

Namshukuru Mungu kwamba hata nikiwa mahututi nilichangia elimu ya afya.

Nilipitishwa siku hiyo na iliyofuata kwa dripu iliyopimwa kwa uangalifu, kwa maana maji machache yanaua na maji mengi yanajaza mapafu. Damu ilichukuliwa tena na tena kuhesabu zile chembe zinazoigandisha. Zilishuka, zikashuka tena. Mama alishika rozari upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili alikaa mtani, ambaye alikuwa amefunga bucha yake, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye harusi ya dada yake.

"Usife leo," aliniambia, sauti yake ikiwa chini. "Friji yangu umeifungua, vipande vyote viko kwenye meza yako, hakuna mtu mwingine mji huu anayejua kuvirudisha."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri nini?"

"Kwamba hakuna mwingine."

"Nakiri mpaka utoke hospitali. Ukitoka nafuta."

Nilitaka kucheka, ubavu ukakataa. Nikaona macho yake yamejaa maji, na akaona kwamba nimeona. "Ni vumbi la wadi," akasema. "Wangoni hamjui kufagia." Akaondoka kwenda dirishani na kukaa huko muda mrefu.

Jumapili jioni daktari alikuja na majibu mkononi, akayasoma akiwa amesimama, akapima presha, akabonyeza tumbo. Chembe zilikuwa zimeanza kupanda. Alimwambia mke wangu, siyo mimi, kwamba sasa anaweza kwenda nyumbani kuoga. Mke wangu aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaweka paji la uso kwenye mkono wangu usio na dripu, na hapo ndipo alipolia. Nilimwambia pole. Lilikuwa neno moja tu, na kwa mtu wa aina yangu ni hotuba fupi mno.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari kuhusu aina mbili zilizobaki. Akasema ya tatu na ya nne mara nyingi haziwi kali kama ya pili, lakini nisiende kuzitafuta. Nilimweleza mtani kwamba nimeshamaliza ile ngumu. Katika Bombambili yote hakuna mwenye mbili ila mimi.

Hata hivyo kazi yangu iko Dar, na vipuri havijileti. Kabla ya safari iliyofuata nilikaa nikafikiri kitaalamu: nilipoumwa na mbu mchana kutwa, nilikuwa nimekaa wapi? Kisha nikaenda karakanani, nikavuta friji ya kwanza iliyokuwa imeegemea ukuta, nikaangalia nyuma, chini, juu ya kompresa. Kila fundi anajua kile kitrei kidogo kinachopokea matone ya barafu inayoyeyuka. Mwenye friji hajui hata kama kipo. Maji safi, kivuli, hakuna anayepagusa.

Nikaenda Dar katika joto la kukausha samaki, nimevaa shati la mikono mirefu, soksi ndefu za mpira wa miguu, na dawa ya mbu niliyojipaka mpaka masikioni. Mwenye duka la friji za mitumba hakunitambua. Sikuketi kwenye kiti cha plastiki. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya friji ya kwanza, nikachomoa trei, nikaimwaga mtaroni.

"Mzee," akasema, "unatoka mkoa gani?"

"Ruvuma. Songea mjini."

"Huko hamjawahi kuona friji?"

"Nimezisomea."

Nikachomoa ya pili. Wateja wakaanza kukusanyika, mmoja akarekodi kwa simu. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kupandisha sauti kuhusu watu wa mikoani na mali za watu. Nilimwekea trei ya tatu mbele ya pua, nikawasha tochi ya simu juu ya maji. Mle ndani viluwiluwi vya mbu, vyembamba kama nyuzi, vilikuwa vikijinyonga, vikipanda na kushuka.

Alivitazama. Aliitazama miguu yake ndani ya kandambili. Kisha alizunguka upande wa pili wa duka, akaiinamisha friji kubwa ya milango miwili kwa bega lake mwenyewe ili nifikie chini yake. Tulizimaliza zote, safu kwa safu, ndipo tukaanza kuzungumza habari za kompresa.